Mbegu Iliyong'ang'ania Sweta

Mume wangu hajawahi kuchelewa popote maishani mwake, na mtu asikudanganye, kuishi na mtu wa namna hiyo ni mtihani. Tukialikwa harusi, tunafika wenyewe hawajapanga viti. Mtaani wanamwita Sekunde. Jina hilo alipewa na vijana wa fotokopi waliopakana na kibanda chake, likamganda hadi wengine wanadhani ndilo aliloitwa na mama yake. Mimi kwa hiyo ni Mama Sekunde. Zamani nilikuwa nakataa, siku hizi naitika tu.

Ni fundi saa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mlikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, vikombe vya kioo vya kufunikia saa zilizofunguliwa, vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na ile lenzi nyeusi anayoibana jichoni kwa nyama ya uso tu, bila kuishika. Mara ya kwanza kumwona nilimpelekea saa ya baba yangu iliyoingia maji. Akainua uso kunisalimia, lenzi ikiwa bado jichoni. Nikamwambia, "Kaka, toa hilo dude, unanitisha." Akalitoa haraka hadi likamponyoka, likabiringika hadi miguuni kwangu. Ndivyo tulivyoanza.

Adui yake mkubwa duniani ni vumbi. Kuna watu wanaogopa wezi, wengine wanaogopa nyoka, yeye anaogopa unyuzi. "Unyuzi mmoja wa nguo ukiingia ndani ya saa," huniambia, "saa inasimama, na mwenye saa anasema fundi ni mwizi." Basi mfuko wake wa nyuma haukosi brashi ndogo ya manyoya laini. Kabla hajaingia mlango wowote husimama, akajipiga brashi suruali, soksi, mikono ya shati, halafu ndipo abishe hodi. Amejipiga brashi mlangoni kwa wakwe zake siku ya posa! Wazee wetu walichungulia dirishani wakadhani kijana ana kichaa. Sweta zangu za sufi zilipigwa marufuku kibandani tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, nami nilizivaa kwa makusudi kila tulipogombana.

Sasa ua lilivyoingia nyumbani kwetu.

Nje kidogo ya mji kuna matangi ya maji, na nyuma yake kuna msitu. Si mkubwa, lakini ni wa zamani, miti yake haijaguswa kwa sababu maji ya chemchemi yanatoka humo. Kwenye nyumba ya pampu kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiihudumia. Siku moja alipoimaliza akaingia msituni kutafuta kivuli cha kulia mkate wake. Alikaa juu ya mzizi, akainama kufunga kamba ya kiatu, na hapo pembeni ya kiatu akaona kimmea.

Alirudi nyumbani amechelewa. Narudia: alichelewa! Nilikuwa nimeshasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Nimeona kitu," akasema.

"Nyoka?"

"Ua."

Nusura nimpige na mwiko. Nikamwambia maua yamejaa kila ua wa nyumba mtaani, kwa nini asisimame akatazama ya jirani akanipunguzia presha. Hakunisikia. Alikaa mezani bila kuvua viatu, akaanza kunieleza huku vidole vyake vikichora hewani. Jani lake kama kiganja, lina vidole vitano, na kingo zake zina meno kama gurudumu la saa. Shina lake jembamba, refu kufika goti. Juu kabisa linagawanyika kuwa vijiti, kila kijiti kina kitu cheupe kama kichwa cha pini. Mtu mwingine angepita. Yeye alikuwa na lenzi mfukoni, akaibana jichoni, akalala kifudifudi kwenye majani makavu. Yeye! Mwenye kuogopa unyuzi!

"Kile kichwa cha pini si ua moja," akasema. "Ni kundi la maua. Kila moja lina petali tano, na kila petali ncha yake imekunjwa kwa ndani, kama unavyokunja shuka chini ya godoro. Ndani kuna nyuzi tano zimejipinda kama springi, zinasubiri kufunguka. Mke wangu, kuna mtu alikaa akakunja kila petali."

"Mungu," nikasema.

"Najua ni Mungu. Nasema *alikaa*."

Nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona hata siku tulipopata mtoto wa kwanza, na siku ile alilia. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana. Chakula kilipoa, na mimi sikumgombeza.

Binti yetu ni mwalimu wa shule. Aliposikia, akacheka, kisha akamletea baba yake kitabu cha kutambulia mimea ya misituni. Kitabu hicho hakina picha nyingi. Kinauliza maswali. Unajibu swali la kwanza, kinakupeleka kwenye swali jingine, unajibu, kinakusukuma mbele, hivyo hivyo hadi ufike kwenye mmea wako. Ukikosea jibu moja tu, umepotea, unaweza kuanza na ua ukamalizia kwenye mti. Mume wangu alikipenda siku ileile. Alisema kitabu hiki kimeandikwa na mtu mwenye akili ya fundi, hakiruki hatua.

Siku ya mapumziko wakaenda wote wawili msituni, wakajibu maswali palepale wakiwa wamechuchumaa. Je, vijiti vya maua vinatoka sehemu moja, kama mbavu za mwavuli? Ndiyo. Je, ua lina petali tano, na chini yake kitumba, yaani tunda changa, chenye vyumba viwili? Ndiyo. Kitabu kikawaambia: huyu ni wa jamii ya karoti.

"Karoti?" akauliza mume wangu.

"Karoti, baba. Na giligilani."

Walirudi nyumbani wanabishana. Jioni ile nilikuwa nimepika mchuzi wenye karoti, akachukua kipande akakigeuza kwenye kijiko, akakitazama kama mkwe aliyejitokeza ghafla. "Kumbe una ndugu msituni," akakiambia, "na hukusema." Tulicheka hadi binti akapaliwa. Lakini baadaye yeye alisema kinachomshangaza ni jinsi ukoo unavyoweza kujificha. Jani halifanani, mzizi haufanani, harufu hakuna, ila ukilifungua ua lenyewe unakuta mkono ni uleule uliolitengeneza. Alisema hivyo akitazama nje ya dirisha, na mchuzi wote ukaliwa na binti.

Shida ikaja kwenye swali la mwisho. Kitabu kilifika mahali kikagawa njia mbili. Kuna mimea miwili inayofanana jani, shina na ua. Mmoja ni mgeni, gugu lililokuja na mizigo ya watu na linaota popote penye uchafu. Wa pili ni mwenyeji, haoti ila kwenye kivuli cha zamani, mahali ambapo miti haijakatwa tangu enzi za mababu. Yote miwili kitumba chake kikiwa kichanga kina vinyweleo laini. Kitabu kikauliza: tunda likikomaa, vinyweleo hudondoka, au hukauka vikawa ndoano?

Akawa hana jibu. Alirudi msituni mara kwa mara baada ya maua kupukutika. Akikuta vitumba, ni vibichi. Akirudi tena, vijiti vitupu. Matunda yalipokomaa yalikwenda wapi, haijulikani. Alitafuta chini, akapekua majani makavu kwa kibano, moja moja, wapi. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine.

"Si uchague moja tu!" nikamwambia. "Sema ni mwenyeji, nani atakukamata?"

"Sibahatishi," akasema. "Nikibahatisha, nitakuwa nimelipa jina lisilo lake. Ungependa watu wakuite jina la mwanamke mwingine?"

Nikamwambia ajaribu aone. Lakini nilimwelewa. Nimemwona akirudia saa ya mtu mara nyingi kwa sababu inapoteza kidogo tu kwa siku, na mwenye saa mwenyewe ameshasema basi yatosha. Ndivyo alivyoumbwa, na kusema kweli ndiyo sababu nilimkubali.

Halafu macho.

Ilianza kwa kugonga kikombe. Kikombe kiko pembeni yake, mkono unakipiga, chai inamwagika, nami namwita mzembe. Ikafuata miimo ya milango, akawa na alama ya buluu begani isiyopona. Ikafuata siku alipovuka barabara na pikipiki ikamkosakosa, naye akaapa haikuwepo. Tulikwenda kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akamtia matone, akamwangalia kwa mashine, kisha akavuta kiti akakaa karibu nasi. Daktari akikuvutia kiti, ujue hakuna jema.

Ilikuwa presha ya macho. Alisema imeingia kimyakimya kwa muda mrefu. Uwezo wa kuona unaanza kufungwa pembeni, unakuja ndani taratibu, hadi linabaki tundu la katikati. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilikuwa na tundu. Matone yangelichelewesha, lakini tundu lenyewe nalo lingefungwa, na lini, hakuweza kutuambia. Nilishika mkono wa mume wangu. Aliuliza swali moja tu: "Daktari, tundu hilo ni la ukubwa gani?" Akajibiwa, kama kutazama kwa mrija.

Alijaribu kuendelea na kazi. Lakini saa ni kitu cha kuona kwa pamoja, gurudumu hili linasukuma lile, na yeye aliona meno ya upande mmoja, akihamisha jicho aone upande wa pili, ule wa kwanza umeshampotea. Skrubu zikaanza kumponyoka. Siku aliyoharibu saa ya mteja wa miaka mingi, alifunga kibanda mwenyewe, akanipa funguo nizirudishe kwa mwenye jengo. Sikuwahi kumwona ametembea polepole namna ile. Watu walikuwa wakimsalimia, "Shikamoo Mzee Sekunde," naye anaitikia upande ambao hawapo.

Nyumbani alikaa. Ukimpitia pembeni hakuoni. Ukisimama mbele yake anaona pua, kisha mdomo, kisha jicho moja, anakukusanya vipandevipande. "Sijaona kitu kizima siku nyingi," aliniambia asubuhi moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Kisha akasema, "Ningependa kuliona lile tunda. Kabla."

Niliingia jikoni nikalia na kitunguu mkononi ili nipate kisingizio.

Mvua zilipokatika na maua yalipokuwa yamekwisha pukutika, nilivaa mabuti ya mvua na sweta langu zito la sufi, nikamwambia, "Haya mzee, twende." Binti alikuwa na wanafunzi wake wa mtihani, tukaenda sisi wawili. Mimi sikuwahi kuingia msitu ule. Miaka yote ile nilikuwa nimekataa, nilisema naolewa na fundi, siolewi na mganga. Nilimshika mkono, yeye ananielekeza: nyuma ya nyumba ya pampu, pita geti dogo la waya, fuata njia hadi mti uliolala.

Nisikudanganye, nilipoingia mle nilinyamaza. Miti ilikuwa mirefu hadi shingo inauma, mashina yamevaa ukoga wa kijani mpaka juu, na mwanga ulikuja chini kidogokidogo, kama umeomba ruhusa. Ulisikia maji yakitembea mahali usipopaona. Nikajikuta nanong'ona. Nikamuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia, akasema, "Nilikuambia kila wiki." Ni kweli, alikuwa ameniambia.

Tulipofika kwenye mti uliolala nikaona kabla yake. Watu wa matangi walikuwa wamefyeka. Pande zote mbili za njia, majani yamekatwa chini kabisa ili bomba jipya lipite, yameoza yakawa tope. Sikujua nimwambieje. Yeye alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa. Vidole vilienda vikarudi, vikagusa vishina vilivyokatwa, kimoja, kingine.

"Wamefyeka," akasema.

"Wamefyeka, baba watoto."

"Basi."

Alikaa palepale kwenye tope, suruali ikalowa, asijali. Nilitukana wafyekaji, nikatukana bomba, nikamtukana na mtu wa kwanza aliyevumbua panga. Aliposimama nilimfuta matope magotini kwa mkono wangu, tukarudi tulikotoka. Pale kwenye geti dogo, kama ilivyo desturi yake, akasimama, akachomoa brashi, akaanza kujipiga suruali, soksi, mikono ya shati, taratibu, kila upande. Mimi miguu ilikuwa imeniisha, nikakaa juu ya jiwe kando ya geti, katikati ya majani yaliyonifika kifuani, nikamsubiri. Akaninyooshea brashi.

"Mimi si saa," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Nyumbani nilimkalisha barazani, nikaenda kuvua mabuti. Nilikuta sweta langu limejaa takataka. Vitu vidogo vya kahawia vimeng'ang'ania sufi kuanzia pindo hadi kiwikoni, ukikivuta kimoja kinakuja na uzi. Kimoja kikanichoma kidole. Nikaanza kulalamika kwa sauti, kwamba msitu wenyewe umekula nguvu zangu na sasa unataka na sweta.

"Zinang'ang'ania?" akauliza kutoka barazani.

"Kama mkopeshaji!"

"Usivute!" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu afunge kibanda. "Usivute hata moja. Njoo hapa na sweta. Taratibu, mke wangu, taratibu."

Nilimletea. Alipitisha ncha ya kidole juu ya sufi, akafika kwenye moja, akasimama. Akaigusa huku, akaigusa kule.

"Ulikaa wapi?"

"Wapi wapi? Kwenye jiwe. Pale getini unapojipigia brashi."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akacheka machozi yakamtoka, nami nasimama kama mjinga na sweta mikononi. Alipopata pumzi ndipo aliponieleza. Miaka yote ile alikuwa akitafuta matunda kwenye vijiti na chini ya majani, na matunda yalikuwa kwenye suruali yake. Yalikuwa yakimshika akipita, nayo hayajui kwamba yamemshika mtu anayeogopa unyuzi. Kila mara, kabla hajatoka msituni, aliyapangusa pale getini bila kuyatazama, kwa sababu kwake yalikuwa uchafu. Na pale alipoyaangusha, yaliota. Kile kichaka nilichokikalia, kilichonifika kifuani, kilikuwa shamba lake. Amelilima kwa brashi miaka na miaka, na macho yake yalikuwa yameshaanza kufungwa pembeni, hakuliona.

Nilitazama ule mkono wake wenye mishipa, nikautazama mfuko wa nyuma ulio na brashi, nikaona sijui kitu chochote kuhusu jinsi mambo yanavyokwenda duniani humu.

"Lakini bado sijui," akasema ghafla, kicheko kimekatika. "Huenda ni mbegu ya kitu kingine. Tafuta iliyokuja na kijiti chake."

Tukaipata moja kwenye kiwiko. Matunda matatu bado yamekaa kwenye kijiti chao, na kijiti kimekatika pale kilipounganika na wenzake, kama ubavu wa mwavuli. Akaniagiza lenzi yake. Niliileta, akanirudishia mkononi.

"Tazama wewe kwanza. Uniambie kama juu kuna pembe mbili; kitabu kinasema tunda la jamii ya karoti huwa nazo."

Sikuwahi kubana dude lile jichoni. Lilidondoka, nikalibana tena, uso wote ukauma. Jua la mchana lilikuwa limejaa barazani. Nikasogeza kijiti karibu, ukungu, ukungu, halafu kikaja.

Jamani. Nisemeje. Kile kitu cha kahawia nilichokiita takataka kilikuwa yai dogo lililovaa ndoano mwili mzima. Kila ndoano imesimama peke yake, imenyooka, inang'aa kama kioo cha asali, na ncha yake imepindwa, zote, hakuna iliyosahauliwa. Juu kabisa zimekaa pembe mbili nyembamba, zimepinda kwa nje. Katikati kuna mstari kuanzia juu hadi chini, ambapo tunda litajigawa nusu mbili siku yake ikifika. Yai lote hilo halifiki punje ya mtama. Nilishika pumzi nisiliharibu. Nilijiona mimi ndiye mdogo.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Alikaa," nikasema. "Mungu. Alikaa."

Aliguna tu. Nikampa lenzi. Aliibana palepale pake, kwenye jicho la kulia, kwenye tundu lililobaki, bila kuishika, kama zamani. Nilimshikia kijiti kwa kibano mbele ya jua. Mkono wangu ulitikisika, akaushika kifundoni, tukatulia wote wawili. Alitazama, akatazama. Nikaogopa. Nikajua haoni kitu, na hajui aniambieje.

"Naliona zima," akasema.

Sikuelewa.

"Ni dogo, mke wangu. Linaenea kwenye tundu. Naliona lote. Juu, chini, pembeni, pembe zote mbili, ndoano zote. Hakuna kilichobaki nje. Naliona zima!"

Nililia waziwazi, sikutafuta kitunguu. Mtu ambaye hakuwa anaweza kuona mlango wa nyumba yake mzima, wala kikombe, wala uso wa mwanawe, alikuwa amepewa kitu kimoja duniani kilichotengenezwa kwa kipimo cha macho aliyobakiwa nayo. Alilitazama hadi jua likahama ukuta. Kila nilipodhani amemaliza, alisema, "Ngoja kidogo."

Kisha nikachukua kitabu, nikamsomea swali la mwisho, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Ndoano." Kitabu kikatupa jina, jina refu la kigeni lililonigonga ulimi, na chini yake maneno machache: mwenyeji wa kivuli cha misitu ya kale. Akaniomba nisome tena hayo ya chini. Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mgeni wake amefika salama.

Tundu lilifungwa kabla mvua nyingine hazijaanza. Halikuuma, na halikuaga. Asubuhi moja aliniuliza kama kumekucha, na kulikuwa kumekucha zamani.

Yeye alilichukua vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa na jambo linanikereketa, na mtu mwenye tabia kama zangu hawezi kukaa na jambo. Tulikuwa tunakunywa chai barazani nikamwambia, "Nisikufiche, naona wivu. Kitu cha mwisho ulichokiona kizima duniani ni mbegu ya msituni. Si mimi. Mke wako wa ujanani, si mimi."

Alitafuta meza kwa mkono, akaweka kikombe.

"Wewe ningekumalizaje kwa tundu lile?" akasema. "Nilikutazama kwa macho mawili mazima miaka yote, na sikukumaliza."

Nikamwambia anywe chai yake, inapoa. Nilisema kwa ukali ili asijue. Lakini alinyoosha mkono, akapapasa hadi akafika shavuni, akakuta limelowa.